Unga wa Golini

Nilipokuwa mtoto sikuogopa fisi, wala giza, wala wale wacheza mapiko wenye vinyago vya kutisha wanaotoka msimu wa jando na kufukuza watoto vichochoroni. Niliogopa mpira wa miguu. Nikisema hivi chuoni wenzangu hucheka, wakidhani nilipigwa shuti la uso nikiwa mdogo. Sikupigwa. Nilikaa tu barazani na bibi yangu dakika tisini, tukisubiri matokeo yaje nyumbani kwetu kwa miguu.

Kinachonifanya niandike ni kundi la WhatsApp. Timu ya kwetu Mnyambe inaitwa Vumilia, na aliyetoa jina hilo alikuwa mtabiri, maana walivumilia miaka kumi na tisa bila kombe. Kila mwaka korosho zikishauzwa na watu wakipata nafasi ya kukumbuka mambo, mashabiki hujazana kwenye lile kundi kusimuliana siku ukame ulipokatika. Mmoja atasema alikuwa juu ya mti, goli la pili lilipoingia akaanguka, akainuka na mkono umevunjika, na hakusikia maumivu mpaka kesho yake. Mwingine atasema mkewe alijifungua jioni ile na mtoto akaitwa Ushindi. Ni kumbukumbu tamu, nami huzisoma zote. Halafu lazima atokee mtu aandike: "Tusimsahau Binti Nandonde aliyetufungulia." Hapo watu wanamiminika na vijipicha vya mikono ya shukrani, na hapo ndipo mimi huitupa simu kitandani.

Binti Nandonde ni bibi yangu, mzaa mama. Miaka yote niliandika jibu nikalifuta, nikaandika tena nikalifuta, kwa sababu mwenyewe alikuwa bado anaishi palepale, hatua mia tatu kutoka golini. Mwaka jana alifariki. Sasa nasema.

Naomba nianze na uwanja, maana kesi yote imesimama juu yake. Sisi tunaishi juu na maji yako chini. Mwanamke wa kwetu huteremka na ndoo tupu, akapanda na ndoo iliyojaa, na asubuhi yake imekwisha. Njia ya kwenda kisimani ilikuwepo kabla mama yangu hajazaliwa, imechimbika kwa nyayo. Wakaja vijana wanatafuta mahali tambarare pa kuchezea, wakapapenda hapo njia inapopita, wakasimika magoli. Njia ikawa inaingia ubavuni mwa goli la mashariki, inakatiza duara la kati, inatokea kwenye kona upande wa bondeni. Hakuna mwanamke aliyeulizwa. Uwanja ndio ulioikuta njia! Chuoni, kwenye mdahalo, nikisimama na hoja kama hii, upande wa pili hutafuta maji ya kunywa. Kijijini hoja hii haikuwahi kupata msemaji.

Sasa, asubuhi ya fainali moja ya zamani, mimi sijazaliwa, Bibi alikatiza uwanja na ndoo tupu kichwani kama alivyofanya jana yake na juzi yake. Wachezaji walikuwa ndio wanatoka kambini. Kwetu ukitoka kwa jambo kubwa ukakutana na mwanamke mwenye ndoo tupu, unarudi nyumbani ukakae kwanza, ndipo utoke upya. Timu haikurudi. Ikapigwa tatu bila. Ikapitishwa amri: siku ya mechi mwanamke asikatize uwanja, azunguke kule kwenye mikorosho. Na tangu hapo, kila msimu Vumilia walipokosa kombe, hata wasipofika fainali, hata mwaka ule kipa alipokunywa uraka, pombe ya mabibo, akasinzia golini, aliyekumbukwa alikuwa Binti Nandonde na ndoo yake.

Mimi niliyakuta hayo kama nilivyoikuta mihogo. Mama yangu alikuwa anafundisha Masasi mjini, akaniacha kwa Bibi nisome hapo mpaka apate nyumba. Nilijua tu kwamba kuna watoto hawaji kucheza kwetu, na kwamba mwanamke mwenye mimba akipita mbele ya baraza letu hukaza mwendo. Bibi alikuwa na chale usoni za wanawake wa zamani, na alikuwa na mdomo. Nadhani vyote viwili viliwasumbua.

Nilipokuwa darasa la nne Vumilia wakafika fainali, na fainali ikapangwa kuchezwa kwetu, dhidi ya timu ya vijana wa kutoka Masasi. Siku ya Alhamisi, saa kumi, tukaona wazee watatu wanakuja. Mbele alikuwa Mzee Mchunda, mwenyekiti wa timu, mtu mpole ambaye siku zote aliongea kama anakupa pole ya msiba. Wale wawili walikuwa wa kamati ya ufundi. Kila timu ina kamati ya ufundi, na hakuna asiyejua kwamba ufundi wenyewe si wa kupiga kona.

"Shikamoo, Bibi," akasema Mzee Mchunda.

"Marahaba. Mmekuja wangapi?"

"Tuko watatu."

"Wanaume watatu kwa mwanamke mmoja, na hamjabeba hata kuku. Haya, kaeni."

Walikaa. Bibi aliendelea kumenya mihogo. Wakazungumza mvua, wakazungumza korosho, wakazungumza mguu wa ng'ombe wa mtu fulani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na hata kwa umri ule nilijua mazungumzo yanayozunguka namna ile yanatafuta pa kutua.

"Bibi," akasema Mzee Mchunda hatimaye, "tumekuja kuomba utufungulie."

"Niwafungulie nini?"

"Kile ulichokifunga."

"Mimi nafunga khanga na nafunga mlango. Mlango wenyewe hauna komeo."

Mmoja wa wale wawili alitaka kucheka, akajizuia. Mzee Mchunda hakucheka. Aliinamisha kichwa akasema taratibu, kwa upole wake uleule: "Bibi, sisi wazee tunakuheshimu. Lakini Jumamosi tukifungwa, vijana hatutawaweza."

Kisu cha Bibi kikasimama juu ya muhogo.

Nilijua maana yake. Kila mtoto aliijua. Kijiji cha pili kulikuwa na kiwanja kitupu chenye mafiga matatu na mti wa mpapai, palipokuwa nyumba ya mzee mmoja aliyesemwa kwamba anazuia mvua. Vijana hawakuwezekana usiku mmoja, basi. Sisi tulikuwa tukipita hapo tunashikana mikono.

Natamani ningekuwepo barazani nikiwa na umri huu wa sasa. Ningemwambia: Mzee, akikubali kufungua si atakuwa amekiri kwamba alifunga? Na akikataa, si mmeshamhukumu? Sasa unamwomba nini? Lakini Bibi aliyajua hayo yote bila kwenda chuo. Alitazama mihogo yake, akaitazama nyumba, akageuza macho kidogo kuelekea mlango niliokuwa nimejificha nyuma yake. Ndipo akajibu.

"Leteni unga wa mtama. Kesho nitakuja."

Ijumaa alasiri tukaenda, mimi nimebeba ungo. Kamati ilisimama mbali kidogo, kofia mikononi. Bibi alipiga magoti penye goli la mashariki, mahali hasa njia ya wanawake inapoingilia, akauteremsha unga polepole mpaka ukawa kichuguu cheupe, ukamwagika na pembeni kama mkeka. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Wale wazee waliona anaongea na kilichofungwa. Mimi niliyekuwa karibu nilisikia Kimakonde chake cha chinichini: "Mama, wamenileta. Hii ndiyo njia yako. Huyu mtoto ndiye mjukuu wangu, mwangalie." Hakusema lingine lolote. Hakuna goli lililotajwa, wala kombe.

Unga ukishamwagwa namna ile kwa kuwaomba waliotangulia, hulala pale usiku kucha. Asubuhi wakubwa huenda kuusoma. Ukikutwa umetulia, au una alama njema, mmekubaliwa. Ukikutwa umepekuliwa na kuku, mjue hali yenu. Vijana wakawekwa kulinda uwanja, na mtaa mzima ukatangaziwa: asiguse mtu, asipite mtu, hasa mwanamke.

Jumamosi Bibi aliamka goti limevimba. Kupiga magoti kule kulimponza. Mtungini hapakuwa na tone.

"Mke mwenzangu," akaniita, ndivyo alivyozoea kunitania, "nenda kisimani wewe. Lakini zunguka mikoroshoni. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Umenisikia na masikio yote mawili?"

"Yote mawili, Bibi."

Kulikuwa na ukungu, ule wa kwetu wa asubuhi unaokaa mpaka kwenye kope. Nilikwenda na ndoo yangu ya njano, ya mafuta ya kupikia, ambayo mpini wake ulishakatika ukafungwa waya. Nikafika njiapanda: kushoto uwanja, kulia mikorosho. Nikashika ya kulia, naapa. Lakini yule mwenye shamba la mikorosho alikuwa ameweka kinga ya wezi. Alitundika mtini chupa ya maji meusi yenye kitambaa chekundu shingoni, na tulishaambiwa kuhusu mtu aliyeokota mabibo mle ndani tumbo likavimba mpaka akazikwa amelazwa ubavu. Nilipofika usawa wa mti ule, na sioni hatua tano mbele, nikaisikia ile chupa inagonga. Ko. Ikatulia. Ko, ko. Upepo haukuwepo.

Watu wazima husema mtoto hafikirii. Mimi nilifikiri sana pale. Kulia kuna chupa ya kuvimbisha tumbo, kushoto kuna uwanja uliokatazwa. Upande huu nitakufa mimi. Upande ule atashindwa nani? Timu? Timu imezoea kushindwa. Nikageuka nikatimua mbio.

Walinzi walikuwa wamekwenda kambini kunywa uji. Niliingia kwa njia ya Bibi na ya mama yake Bibi, ndoo imenikaa kichwani, tupu, miguu inateleza kwenye umande, na sikuona goli mpaka nilipokuwa ubavuni mwake. Kitu laini na baridi kikapokea mguu wangu wa kulia. Nikaruka. Nikaangalia chini. Katikati ya ule mkeka mweupe, safi kama umechorwa na fundi, ulikuwa mguu. Vidole vitano vikiangalia bondeni.

Sikumbuki kuteka maji. Nakumbuka kurudi kwa kupitia mikoroshoni na ndoo iliyojaa, nikapita chini ya chupa ileile na wala sikuitazama. Hofu kubwa ilikuwa imeshaifukuza ile ndogo.

Saa tatu wakaja. Mzee Mchunda alikuwa anahema, na safari hii nyuma yake kulikuwa na vijana, kama kumi hivi, wamevaa jezi za kijani za mashabiki. Bibi alikuwa amekaa mkekani, mimi ubavuni mwake, miguu nimeinyoosha. Sikuwa nimenawa. Maji ya kupandishwa mlimani hayaoshi miguu kwetu, miguu husubiri mvua. Katikati ya vidole vyangu unga ulikuwa umegandiana na umande, mweupe kama chokaa.

"Bibi, kuna mguu," akasema Mzee Mchunda.

"Mguu wa nini?"

"Wa mtu. Mdogo. Kwenye unga."

Ndipo Bibi akaitazama miguu yangu. Sijawahi kuona mtu akiona jambo kwa utulivu vile. Alijivuta kama anayelipumzisha goti lake, akaukunjua upande wa khanga yake, ukaanguka juu ya miguu yangu. Mkono wake ukabaki juu ya khanga, ukiuminya wayo wangu kwa nguvu. Usoni hakuna kitu kilichotikisika.

"Umeelekea wapi?" akauliza.

"Bondeni. Kwenye maji."

"Uko mmoja au iko mingi?"

"Mmoja tu. Hauna wa pili." Mzee Mchunda aliinua kidole kimoja. "Mtu gani ana mguu mmoja, Bibi?"

Vijana walisogea wasikilize. Kijana mmoja, simsahau, alikuwa ameshika jiwe. Hakulishika kwa vita, alikuwa analirusharusha tu kiganjani kama mtu anayesubiri basi.

"Ni mtu mwenye kiu," akasema Bibi. "Anakwenda zake. Mwacheni apite."

Wakatazamana. Mzee Mchunda akarudia neno lile kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti kubwa, akawageukia wenzake: "Mmesikia? Waliotangulia wamepita! Wametuma mtoto, amepita!" Vijana wakapiga kelele ya furaha, wakaondoka mbio, na lile jiwe likadondoshwa mbele ya baraza letu. Lilibaki pale miaka mingi.

Walipopotea Bibi akatoa mkono. "Kaoshe miguu."

"Kwa maji haya?"

"Kwa maji hayahaya. Leo tumwage."

Nilianza kulia. Nikamwambia chupa iligonga, nikamwambia sikukusudia, nikamwambia nitakwenda kusema kwamba ni mimi ili wasimguse yeye. Akanishika kidevu.

"Sikiliza wewe. Ukisema, na wakifungwa, watasema Binti Nandonde amemtuma mjukuu wake. Ukisema, na wakishinda, watasema mjukuu naye anao."

"Ninao nini?"

"Uchawi, mke mwenzangu. Mimi nimezeeka. Wanautafutia mrithi."

Saa tisa ukungu umeshasahaulika, jua kali, na kijiji kizima kiko uwanjani. Hakuna aliyekuja kukaa nasi. Hilo nalisema wazi, maana kwenye kundi watu wengi husema walikuwa "karibu na Bibi" siku ile. Jirani zetu wote walifunga milango wakapita mbele ya baraza bila kugeuza shingo, na wengine walikuwa wanawake waliochota naye maji miaka arobaini.

Bibi alifunga kifurushi: nguo zangu mbili, daftari, kipande cha muhogo wa kuchemsha. Akakiweka karibu na mlango wa uani.

"Wakifungwa, unatoka huku. Unapita mihogoni, usifuate barabara. Unakwenda mpaka Kitangari kwa mama yako mdogo. Unaijua njia?"

"Naijua. Na wewe?"

"Mimi goti limevimba, huoni?"

Basi tukakaa. Sikuuona mpira ule, niliusikia. Kila shabiki wa Vumilia anakumbuka mambo aliyoyaona, mimi ninazo sauti tu. Filimbi. Ngoma. Ngoma ikakatika ghafla, na kwenye ule ukimya ikaja kelele nyembamba ya watu wachache kutoka mbali, watu wa Masasi waliokuja na lori. Nikajua tumefungwa. Bibi alikuwa anamenya karanga, akaendelea kumenya, ila sasa maganda yalikuwa yanaingia kwenye sinia na karanga zinaanguka chini.

"Bibi, tumefungwa moja."

"Nimesikia."

"Nichukue kifurushi?"

"Bado. Mpira una vipande viwili."

Kipande cha pili kilikuwa kirefu kuliko kwaresima. Nilijaribu kuomba Mungu, nikashindwa kujua nimwombe nini kwa sababu mguu ulikuwa wangu. Kama nilikuwa nimeharibu, nilikuwa nimeharibu tayari. Nilijitazama vidole, nikavichukia, nikavificha mchangani. Kisha ardhi ikaguna. Goli kubwa la nyumbani ukilisikia kwa mbali halina sauti ya mdomo, linakuja kwa chini. Moja moja. Bibi aliacha karanga. Muda ukapita ambao siwezi kuupima. Halafu likaja la pili, na safari hii kelele haikukatika, ikaendelea, ikaongezeka, ikaanza kutembea.

Mpaka leo nikiota, naota kelele ile inayotembea. Ilikuwa inakuja kwetu. Nilisikia wimbo lakini sikusikia maneno, nikasikia mabati yanapigwa, nikaona vumbi juu ya paa za watu. Umati unaokuja kushangilia na umati unaokuja kubomoa nyumba, ukiwa mbali, ni umati uleule mmoja.

"Toka," akasema Bibi.

Nikachukua kifurushi nikakimbilia mlango wa uani. Nikashindwa kuufungua. Haukuwa na komeo, mikono yangu ndiyo iliyokataa. Nikabaki nimeukumbatia mlango, kifurushi nimekiuma kwa meno, mpaka nikasikia jina lake likiimbwa.

Walimbeba juu juu. Bibi yangu wa goti bovu alirushwa angani na vijana wa jezi za kijani, kombe likawekwa mapajani mwake, kijana yule wa jiwe akiwa mbele kuliko wote, analia machozi ya kweli. Miaka kumi na tisa! Wanaume wazima walikuwa wanabingirika mchangani. Sitawanyima furaha yao, walikuwa wameisubiri sana na ilikuwa nzuri kuitazama. Kocha alilala chali mbele ya baraza letu akiangalia mawingu kama aliyemaliza kazi ya dunia. Nami nilichungulia nikauona uso wa Bibi juu ya vichwa vya watu. Alikuwa amekamata shingo ya kijana mmoja kama mtu anayezama, na macho yake yalikuwa yananitafuta.

Mzee Mchunda akaleta kuku, mara hii hakusahau. Akanyoosha mkono watu wanyamaze.

"Si tulisema?" akawauliza. "Aliyefunga ndiye mwenye kufungua!"

Wakaitikia. Kesi ikafungwa hapo, na shangwe juu yake. Kwa miaka kumi na tisa walimshuku, siku ile wakapata ushahidi. Wangeshindwa angekuwa na hatia, wameshinda na hatia imethibitishwa. Nimepambana na wasemaji wazuri katika kumbi kubwa, sijakutana na hoja ngumu kama ile, isiyo na mlango wa mbele wala wa uani.

Baada ya kombe watoto hawakuja kabisa kwetu. Kabla walikuwa wanakatazwa, sasa waliogopa wenyewe. Kila msimu kamati ilileta unga na Bibi alikwenda kupiga magoti, mwaka akiweza na mwaka asipoweza, na kombe lingine halikuja, na kila mara waliporudi mikono mitupu walimpita wakimsalimu kwa heshima inayotisha kuliko matusi. Mama alimtaka ahamie Masasi. Akasema akihama na timu ikafungwa, nyumba ya mama mdogo kule Kitangari itapata wageni wenye mawe. Mwishowe mama yangu mdogo ndiye aliyerudi kuishi naye, na sasa anaishi mle na binti yake wa miaka tisa. Bomba limefika kijijini, hutoa maji linapojisikia. Hakuna anayeteremka tena kisimani. Lakini ukisimama golini asubuhi utauona mstari unaokatiza uwanja, nyasi zinakataa kuota pale, na mpira ukiufikia hubadili mwelekeo.

Juzi Jumatatu Mzee Mchunda alinipigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Masomo?"

"Yanaendelea."

"Tunamshukuru Mungu. Mwanangu, tumefika fainali. Jumamosi hii, hapahapa nyumbani."

"Hongereni."

"Sasa Bibi hayupo. Tumekaa kikao, tukaona wewe ndiye uliyemshikia ungo."

Nilikuwa nimesimama nje ya maktaba, watu wanapita na mabegi. Mkono wangu ukaiminya simu, nikautambua, ulikuwa mkono wa Bibi juu ya khanga. Nikaona hapana, safari hii nasema. Nikamwambia yote. Chupa, ukungu, uji wa walinzi. "Mzee, mguu ule ulikuwa wangu. Mlisema siku ile mwanamke asipite. Mimi nilipita, na ndoo tupu kichwani, na mkashinda. Kwa hiyo Bibi hakuwahi kufunga chochote. Unanielewa?"

Nilisikia kuku wake. Nilisikia mtu anatwanga. Nikajua nimemshinda, nikajisikia vile ninavyojisikia jaji anapoinua kadi, na machozi yakanitoka kwa ajili ya Bibi.

"Mwanangu," akasema Mzee Mchunda taratibu, kwa upole wake uleule, "hiyo ndoo ilikuwa ya rangi gani?"

Nimekata tiketi ya Ijumaa. Mama anapiga simu asubuhi na jioni, ananiuliza kama akili zangu ziko sawa, na kama nakwenda kumwaga unga. Siendi kumwaga unga. Sipigi magoti golini, na ile ndoo ya njano, ambayo bado ipo na kuku hutagia humo, haitoki uani. Najua watakavyosema wakifungwa na najua watakavyosema wakishinda, Bibi alishanifundisha yote mawili nikiwa na miaka kumi. Lakini saa tisa ya Jumamosi kutakuwa na mtoto wa miaka tisa kwenye lile baraza, anasikiliza kelele na hajui inakuja na nini. Nitakaa naye mkekani, tumenye karanga. Khanga ya Bibi ninayo, inatosha miguu ya watu wawili.